Kamba ya Mbuzi na Toleo Jipya la Python

Sanduku la kikundi chetu lina kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa wanawake watatu wasiolala nyumba moja. Hakuna awezaye kulifungua peke yake. Utaratibu huo hatukuubuni sisi watu wa Adumi. Shirika la CARE liliuanzisha nchini Niger mwaka 1991, ukatambaa bara zima hadi ukatufikia huku West Nile, Uganda: kila wiki mnakaa chini ya mwembe, kila mtu ananunua hisa moja hadi tano, anagongewa mihuri kwenye kijitabu chake, mwenye shida anakopa na kurudisha na faida, kisha mwisho wa mwaka sanduku linamwagwa juu ya mkeka na kila mtu anachukua chake.

Mwaka 2022 mimi nikawa kufuli ya nne. Nina kibanda hapa senta ya Adumi: napiga chapa, natoa kopi, nachaji simu, napiga picha za pasipoti. Hesabu ya mgao ilikuwa inawatoa akina mama jasho kutwa nzima, na mara nyingine inaishia kwenye maneno. Nikaandika programu ndogo kwa lugha ya Python. Unaingiza hisa, mikopo na faini. Yenyewe inatoa karatasi moja kwa kila mwanachama, na inamtumia ujumbe wa simu yule aliyevuka mpaka kwenda kuuza Ariwara. Miaka miwili ilifanya kazi bila kelele, nami nikaanza kutembea senta nikiwa nimenyoosha shingo.

Novemba 2024 laptopu yangu ikafa. Ilikata roho mchana, umeme ulipokatika na kurudi mara tatu ndani ya saa moja. Daftari la kikundi lilikuwa kwenye flashi, kwa hiyo sikulia. Nilipanda bodaboda hadi Arua mjini, nikanunua laptopu ya mtumba, nikaiwekea mfumo endeshi mpya wa Ubuntu, toleo la 24.04. Mgao ulikuwa umebakiza siku tisa. Nikafikiri kazi iliyobaki ni ya nusu saa: kunakili programu, kuagiza vifurushi vyake, basi.

Amri ya kuagiza vifurushi ilijibu kwa maandishi mekundu yaliyojaza kioo mara nne.

Mama mweka hazina alikuwa amekaa kwenye benchi akingoja simu yake ijae chaji. Akatazama kioo, akanitazama mimi.

"Binti, pesa zimekwama humo ndani?"

"Hapana, Mama. Pesa ziko kwenye sanduku. Kilichokwama ni mashine ya kuhesabia."

"Basi tuhesabu kwa mikono, kama zamani."

"Nipe siku tatu, Mama."

Sijui kwa nini nilisema tatu. Nilikuwa sijaelewa hata neno moja la yale maandishi mekundu.

Kabla sijaeleza kilichovunjika, nieleze kwanza kifurushi ni nini, na sisemi kile cha intaneti, maana hicho sisi hukiita bando. Anayeandika programu haanzi kulima shamba lote mwenyewe. Anaazima kazi za wenzake. Mimi kwa ajili ya majedwali natumia pandas, nayo pandas inaegemea NumPy kwa hesabu. Kwa ajili ya kusoma masharti ya kikundi, yaani riba, faini ya kuchelewa na bei ya hisa, natumia PyYAML. Na kwa ajili ya kutuma ujumbe kupitia modemu natumia kifurushi kidogo cha mtu mmoja wa mbali ambaye simtaji jina, kwa sababu alitupa kazi yake bure na hatudai chochote.

Vifurushi hivi hukufikia kwa namna mbili, na hapa ndipo penye siri yote. Fikiria muhogo. Unaweza kununua unga uliokwisha kusagwa, ukaenda nao nyumbani, ukasonga. Au unaweza kununua muhogo mkavu, ukaupeleka mashineni wewe mwenyewe. Watu wa Python unga wao wanauita gurudumu. Jina ni utani wa kale juu ya gurudumu la jibini, maana Python haikupewa jina la chatu kama wengi wanavyodhani bali la kikundi cha wachekeshaji wa Uingereza kiitwacho Monty Python, ambao walikuwa na kichekesho chao juu ya duka la jibini. Muhogo mkavu ni msimbo chanzo, yaani maandishi yenyewe ya mwandishi. Na mashine ya kusaga ni kompaila, inayogeuza maandishi hayo kuwa kitu ambacho kompyuta inaweza kukitafuna.

Unga husagwa kwa kipimo cha toleo fulani la Python. NumPy yangu ya mwaka 2022, toleo la 1.23, ilikuwa na unga wa Python 3.10, ile niliyokuwa nayo kwenye laptopu iliyokufa. Ubuntu 24.04 inakuja na Python 3.12. Unga wa 3.12 kwa NumPy ile ya zamani haupo na hautakuwepo. Kwa hiyo pip, yaani yule mjumbe anayekwenda kuchukua vifurushi, akikosa unga hasemi kitu. Anabeba muhogo mkavu na kujaribu kuusaga hapo hapo nyumbani kwako. Wewe hujui kama umeingizwa kwenye kazi ya kusaga mpaka mashine ikwame.

Hilo ndilo lililonipata. Watu husema programu imeoza. Programu haiozi. Herufi zote ziko vile vile nilivyoziacha. Barabara ndiyo iliyohamishwa chini ya miguu yake.

Usiku wa kwanza niliutupa bure, nikisoma mahali pasipofaa. Macho ya mtu yanakwenda kwenye mstari wa mwisho, na mstari wa mwisho wa pip unakwambia tu kwamba kosa limetoka kwenye kazi nyingine aliyoituma, na huenda si lake yeye. Ni kama mtoto aliyerudi kutoka mashineni bila unga, akakwambia, "Si mimi." Kweli si yeye. Lakini kilichotokea huko mashineni kiko mistari mingi juu yake, katikati ya takataka. Nilipopanda juu polepole nikakikuta: moduli iitwayo distutils haipatikani.

Nikachukua ushauri wa haraka niliowahi kuusikia, nikaiagiza setuptools mpya, ambayo inabeba nakala yake ya distutils ndani. Nikajaribu tena. Kosa lile lile. Mtu mwingine akanishauri kwa simu niongeze amri ya kumzuia pip asitumie akiba ya vitu alivyokwisha kupakua, eti pengine akiba imeharibika. Nikamtii. Tangu hapo kila jaribio likapakua kila kitu upya, megabaiti kumi na kitu kwa mara moja, na tangu Julai 2021 bando za Uganda zina kodi ya asilimia 12 juu yake. Ilipofika saa sita usiku bando likakatika. Mimi, mtunza hesabu za kikundi cha akiba, nilikuwa nimetupa akiba yangu mwenyewe jalalani.

Asubuhi nikiwa sina bando nililazimika kufikiri. Mara nyingine umaskini ni mwalimu mzuri kuliko intaneti ya kasi.

Distutils ilikuwa nini? Ilikuwa kisanduku cha vifaa vya kujengea vifurushi, kilichowekwa ndani ya Python yenyewe tangu mwaka 2000. Kwa miaka zaidi ya ishirini kila fundi alikuta nyundo mahali pake. Kisha setuptools ikaja na vifaa bora, na kile cha zamani kikabaki hakina wa kukitunza. Mwaka 2020 Steve Dower, mmoja wa watunzaji wa Python, akaandika pendekezo namba 632 la kukiondoa. Toleo la 3.10, lililotoka Oktoba 2021, likaanza kutoa onyo. Toleo la 3.12, lililotoka tarehe 2 Oktoba 2023, likaja bila kisanduku hicho kabisa. Pamoja nacho zikaondoka imp, asyncore na nyingine kadhaa. Hakuna aliyetuvizia. Onyo lilikuwa likiandikwa kwenye kioo changu miaka miwili, nami nililiona kama tunavyoona bango la "Usitupe takataka hapa".

Lakini mbona setuptools mpya haikusaidia? Hapa ndipo nilipoanza kuona kamba.

Pip anapokwenda kusaga kifurushi hafanyi kazi hiyo sebuleni kwako. Anajenga kibanda chake cha muda pembeni, anaweka humo vifaa ambavyo kifurushi chenyewe kimeviorodhesha, anasaga, kisha anabomoa kibanda. Nilichoweka mimi sebuleni hakikuingia kibandani. Na NumPy 1.23 ilikuwa imeandika kwenye orodha yake: nataka setuptools 59.2.0, si nyingine yoyote. Hiyo ya 59.2.0 bado ilitegemea distutils ya ndani ya Python. Walikuwa na sababu ya kuifunga hivyo. Matoleo ya 60 na kuendelea yaliharibu njia yao ya kujenga. Ila mbuzi ukimfunga kwa kamba fupi kiasi hicho, siku majani ya pale yakiisha anakufa akiwa anaona majani mengine mbele yake hatua mbili.

Dawa haikuwa kurekebisha kamba ya toleo lile. Ilikuwa kuuliza swali moja: NumPy ipi ndiyo ya kwanza kukubali Python 3.12? Jibu ni 1.26, iliyotoka Septemba 2023, wiki chache kabla ya Python yenyewe. Kwa ajili hiyo watunzaji wake waliacha kabisa njia ya zamani ya kujenga wakahamia chombo kingine kiitwacho Meson. Na hiyo ina unga tayari. Nikaomba bando kwa dada yangu, nikaagiza NumPy 1.26.4, megabaiti 18 hivi, ikaingia bila kusaga chochote. Pandas nayo nikaipandisha hadi 2.2.

Nasisitiza "ya kwanza kukubali" kwa sababu kijana mmoja wa hapa senta alinicheka kwamba ningeagiza tu mpya kuliko zote nikalale. NumPy mpya kuliko zote wakati ule ilikuwa ya safu ya 2, iliyoanza Juni 2024, nayo imebadilisha mambo mengine mengi. Ningekuwa nimetoka kwenye shimo moja nikarukia la pili siku hiyo hiyo, na nisijue lipi limenivunja mguu. Mtu anayehamia nyumba mpya habadilishi na mke wiki hiyo.

PyYAML ikaja na hadithi yake, na ndiyo iliyonifundisha zaidi. Yangu ilikuwa toleo la 6.0. Nayo haikuwa na unga wa 3.12, ikaenda mashineni, ikakwama, ikilalamikia kitu kiitwacho cython_sources. Nikatafuta lile kosa la distutils kutopatikana kwenye maandishi yote mekundu, sikuliona. Nikamlaumu Python bure nusu siku nzima.

Python hakuwa na hatia. Cython ni chombo kinachotafsiri maandishi yaliyo nusu Python kuwa lugha ya C, na PyYAML inakihitaji wakati wa kujengwa. Kwenye orodha ya vifaa vyake PyYAML iliandika "Cython" tu, bila kusema ipi. Kwa miaka haikuleta shida. Tarehe 17 Julai 2023 Cython 3 ikatoka baada ya kusubiriwa muda mrefu, na siku ile ile watu duniani kote waliokuwa wakijenga PyYAML kutoka kwenye msimbo chanzo wakaamka wamekwama, hata wale ambao hawakugusa toleo lolote la Python. Kesho yake watunzaji wakatoa 6.0.1, na kilichobadilika cha maana ni mstari mmoja: Cython iwe chini ya 3. Mimi niligongana na jiwe hilo mwaka mmoja na miezi minne hivi baadaye, kwa kuwa kwenye laptopu ya zamani nilikuwa nakula unga uliosagwa na wengine, sikuwahi kupita mashineni.

Huyu sasa ni mbuzi wa kamba ndefu mno. Analisha vizuri siku zote mpaka siku jirani anapopanda muhogo, ndipo mnaitwa wote wawili kwa mwenyekiti wa kijiji. NumPy ilifungwa fupi, PyYAML ikafungwa ndefu, na zote mbili zikanikwamisha kwa amri ile ile, kwa wekundu ule ule kwenye kioo. Ndiyo maana sipendi mafundi wanaotoa dawa moja kwa kila kosa la kujenga: "rudisha Python ya zamani". Kosa la PyYAML lingekufuata hata huko, pindi ungeijenga kutoka kwenye msimbo chanzo.

Ukitaka kujua kamba ipi ni ipi, jiulize kilichobadilika ni kipi na tarehe gani. Mimi niliandika kwenye karatasi ya nyuma ya daftari la risiti: Python, Oktoba 2023, Cython, Julai 2023, pandas mbili, Aprili 2023. Nilipoziona tarehe zimepangwa, kila kosa likaenda lenyewe kwa baba yake.

Kilichobaki kikawa kile kifurushi kidogo cha modemu. Mwenyewe alikigusa mara ya mwisho miaka mingi iliyopita. Hakina toleo jipya la kupandia, kwa hiyo ilibidi nifungue kofia na kuingiza mikono kwenye grisi.

Mstari wa kwanza ulikuwa rahisi kama kubadilisha plagi ya Bajaj: faili la kujengea lilikuwa linaita distutils, nikabadilisha liite setuptools. Kisha kompaila ikaniambia haijui Python.h iko wapi; hilo ni kosa la mtu aliyesahau kuweka faili za kujengea za Python kwenye mfumo, nikacheka nikaziweka. Ndipo likaja la kweli. Kompaila ya C ikasema kwamba muundo wa namba nzima wa Python hauna kiungo kinachoitwa ob_digit.

Namba nzima ndani ya Python ina mifupa yake, na toleo la 3.12 liliipanga upya mifupa hiyo. Mwenye kutumia namba kistaarabu, kupitia mlangoni, hakugundua lolote. Lakini kulikuwa na msimbo uliozoea kupenyeza mkono dirishani na kushika mfupa moja kwa moja. Nikamfungulia huyo mwandishi faili lake la C nione alichofanya. Mistari elfu kadhaa, isiyosomeka. Nikakata tamaa, nikafunga kibanda, nikaenda kula.

Njiani kurudi ndipo nikakumbuka kazi yangu mwenyewe ya kila siku. Mzee analeta barua kwa mkono, mimi naipiga chapa. Akija mwezi wa pili na kusema karatasi ya sasa ina kichwa kipya, sichukui ile iliyopigwa chapa nikaanza kuikwangua kwa wembe. Naichukua barua ya mkono, napiga upya. Lile faili la C lisilosomeka hakuliandika mwanadamu. Lilipigwa chapa na Cython ya zamani kutoka kwenye barua ya mkono, faili fupi la kurasa nne lililokuwa limekaa hapo hapo kando yake. Nikaifuta ile nakala ya C, nikaleta Cython ya sasa, nikaipa barua ya mkono iipige chapa upya. Ikajenga. Haikuniuliza swali hata moja.

Nilipiga kelele mpaka muuza chapati wa jirani akaja na mwiko mkononi akidhani nimeibiwa.

Vifurushi vyote vilikuwa vimeingia, na hapa ndipo mafundi wengi hukusanya vyombo vyao na kudai pesa. Kujengwa si kufanya kazi. Niliendesha programu, ikafika kwenye jedwali la mikopo ikakataa: pandas ya toleo la 2, tangu Aprili 2023, imeondoa amri ya append niliyoizoea ya kuongeza mistari chini ya jedwali, na sasa inataka concat. Nilikuwa nimeitumia mara tatu. Nikabadilisha zote tatu, karatasi zikatoka, nzuri, zimepangwa, jina la kila mwanachama juu.

Nilimwita mama mweka hazina aje aone. Nilikuwa nimeingiza daftari la mwaka 2023, lile ambalo mgao wake ulishafanyika na kila shilingi yake inajulikana. Yeye hajui Python ni nini, lakini hupiga hesabu kwa midomo, haraka kuliko kikokotoo changu. Akashika karatasi ya jumla, midomo ikaenda, ikasimama.

"Hii imezidi."

"Imezidi wapi, Mama?"

"Wiki ya mwisho umeihesabu mara mbili."

Na kweli. Moja ya zile concat niliiweka ndani ya mzunguko badala ya kuiweka nje, kikao cha mwisho cha Desemba kikaingia mara mbili. Hakuna maandishi mekundu yaliyojitokeza. Kompyuta haikuona kosa, kwa sababu kwake halikuwa kosa. Kama ningeipeleka chini ya mwembe hivyo, tungegawana pesa ambazo hazimo sandukuni. Tangu siku hiyo daftari la 2023 ndilo hakimu wangu: nikigusa kifurushi chochote naendesha lile kwanza, na jumla isipolingana na ya mkono, hakuna linaloendelea.

Msomaji asiye fundi anaweza kuuliza mambo haya yanamhusu nini. Yanamhusu. Mfumo wa mTrac, ambao Wizara ya Afya ya Uganda iliuanzisha mwaka 2011 ili wahudumu wa vituo vya afya watume ripoti za magonjwa na dawa kwa ujumbe wa simu, ulijengwa juu ya RapidSMS, nayo imeandikwa kwa Python. Python 3 ilitoka Desemba 2008, lakini dunia ilichukua miaka zaidi ya kumi kuhama kutoka ya pili, mpaka tarehe 1 Januari 2020 ilipokatiwa rasmi huduma. Katika muda huo kila mfumo wa aina hiyo, popote ulipokuwa, ilibidi mtu fulani akae nao usiku akapandishe kifurushi kimoja kimoja. Kazi hiyo haikatiwi utepe na mheshimiwa.

Na wakubwa nao wanaifanya, tena kwa wingi wa kutisha. Ubuntu au Debian wanapobadilisha Python ya mfumo wao, vifurushi maelfu hujengwa upya, na kila kinachokwama huandikiwa hitilafu yake yenye namba. Debian wana hata desturi ya kujenga upya ghala lao lote mara kwa mara ili kuona nini kimekwama kabla watumiaji hawajakwama. Hawana uchawi ambao sisi hatuna. Wanasoma wekundu ule ule, wanapanda juu, wanatafuta mstari wa kweli.

Mgao wetu ulifanyika siku iliyopangwa. Watu ishirini na saba, karatasi ishirini na saba, na wawili waliokuwa Ariwara wakapata ujumbe wao kabla sanduku halijafungwa. Mwenyekiti alitoa hotuba ya shukrani kwa Mungu, kwa mvua, kwa wenye funguo, kisha kwa "mashine". Fundi wa mashine akapewa soda.

Rekebisho la kifurushi cha modemu nililituma kwa mwenyewe: mistari miwili iliyobadilishwa, na maelezo kwamba lile faili la C lisihifadhiwe tena bali lizalishwe upya kila mara. Wengi hawatumi. Wanarekebisha kwao, wananyamaza, na mwingine wa Koboko au Kisangani anaanza usiku ule ule wa kwanza kama niliouanza mimi, na bando lake linakatika saa sita. Naliona hilo kuwa uchoyo.

Sasa nina utaratibu, na mwenye programu ya kikundi, ya shule au ya duka anaweza kuuiga. Flashi moja inabeba programu, daftari, orodha ya vifurushi na toleo la kila kimoja, na unga wenyewe wa vifurushi hivyo, ili laptopu ikifa tena niweze kuijenga programu bila senti ya bando. Orodha naifunga kwa kamba ya wastani: nataja nilichokijaribu, na naweka ukomo mahali ninapojua pana shimo. Kupandisha toleo ni kazi ya Februari, mgao ukiwa umepita na mzunguko mpya wa kikundi umeanza, si ya Novemba. Nakala ya flashi hiyo anayo mmoja wa wale wanawake watatu wenye funguo. Sitamtaja ni yupi.

Python hutoa toleo jipya kila Oktoba. La 3.14 lilitoka tarehe 7 Oktoba 2025. Sikuligusa, sanduku lilikuwa linafunguliwa Desemba.